Dau la futi 20 la mbao, limetumika: nikague nini kabla ya kutoa hela?

MgeniWaMaji

Wakuu, salaam. Nipo Tanga mjini, natafuta chombo kidogo cha tanga cha kutokea Jumamosi na Jumapili. Nataka kuzunguka ghuba, kufika kisiwa cha Ulenge bahari ikiwa shwari na kutupa mshipi kidogo. Kuogelea najua, kasia najua, ila tanga sijawahi kulishika peke yangu. Bajeti ni milioni tatu, kila kitu humo humo.

Nilivyoonyeshwa mpaka sasa ni vitatu. Cha kwanza ni dau la futi 20, bei milioni mbili na laki nane. Liko juu ya mchanga tangu kabla ya masika, juu limepigwa rangi ya buluu juzijuzi, chini lami. Ndani kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, kuna saruji unene wa vidole viwili, urefu kama mita mbili na nusu, upana wa futi moja na ushee. Muuzaji anasema litavuja siku mbili tu, mbao zikishanywa maji basi. Tanga lipo, la turubai. Cha pili ni ngalawa ya gogo la mwembe, milioni moja na laki moja, inavua mpaka leo. Cha tatu ni kiboti cha faiba cha mtu mmoja, aina ya Laser, mwenyewe anasema "tutaongea".

Moyo uko kwenye dau. Nikague nini kwa macho yangu, na hiyo saruji ni ya nini hasa?

FundiKeke

Anza na saruji, kwa sababu yenyewe ndiyo itakayokupa habari za chombo kizima. Hakuna fundi anayeunda dau akalimwagia saruji ndani. Humwagwa na mwenye chombo aliyechoka kufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Na saruji haishikani na mbao: ubao ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, saruji imekaa vilevile. Baada ya muda panabaki nafasi nyembamba kati yake na ubao, maji ya mvua yanajipenyeza humo na hayatoki. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao kirahisi. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyotuama pasipo hewa, na dau hilo limekaa juu masika nzima. Chini ya hiyo saruji kuna mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mstamu (kipande kinachokaliwa na mlingoti), ncha za chini za mataruma (mbavu za chombo) na ubao wa kwanza wa kila upande. Sehemu zote za gharama zimefichwa mahali pamoja.

Mwombe muuzaji uvunje kipande cha futi moja, jirani na mlingoti, kwa nyundo na patasi. Akikataa, umeshajibiwa.

Ukishavunja, chukua bisibisi bapa nyembamba, isukume kwa kiganja bila kugonga. Kwenye mninga au mvule mzima ncha itaacha alama tu, haitaingia. Ikizama sentimita moja kwa nguvu ya mkono, ubao umeoza. Usiishie hapo kwenye saruji. Jaribu ukingo wa juu chini ya rangi mpya, pembe za ndani za omo (mbele) na tezi (nyuma) ambako mvua hukusanyika, kila taruma linapokutana na mkuku, na chini ya boriti unakofungiwa mlingoti. Rangi ya buluu ya juzi isikutie haya ukaacha kuitoboa. Mara nyingi imepakwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuficha.

Halafu misumari. Kichwa cha msumari kinachotoa mchirizi wa kutu kwenye rangi kinajulikana na kila mtu. Shida ni ule usiotoa. Msumari wa chuma hauanzi kulika kichwani, hulika pale ubao unapogusana na taruma, kwa sababu unyevu hukaa hapo. Unaweza ukaona kichwa kizima na ncha ya ndani iliyokunjwa nzima, kumbe katikati umebaki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kwa hiyo ungʼolewe mmoja: chagua ubao wa kwanza juu ya mkuku, usawa wa mlingoti, mwite fundi autoe kwa koleo pole pole, tundu lizibwe kwa kigingi cha mbao na pamba. Ukitoka mwembamba katikati, hesabu kwamba jirani zake wote wako hivyo hivyo. Mbao kuzunguka msumari wa namna hiyo huwa nyeusi na laini, hata msumari mpya haushiki mahali pale pale.

Tatu, wadudu wanaotoboa mbao baharini. Tundu lao la kuingilia ni dogo, milimita moja au mbili, unaweza ukalipita. Ndani njia yake inafika unene wa kidole na ina utando mweupe mgumu wa chokaa. Hushambulia mahali ambapo lami au deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) imebanduka, na mahali pasipofikiwa na mkono wa mpakaji: upande wa chini wa mkuku uliokalia mchanga, ncha ya chini ya usukani, na fashini, mti wa mwisho wa tezi uliofichwa na usukani. Dau lilalie ubavu ndipo uone mkuku wote. Gonga kwa nyundo ndogo kila nusu futi. Sauti ikibadilika kutoka kavu kuwa ya debe, toboa hapo kwa keke (drili) ya milimita 4 na uangalie unga: mkavu wa rangi moja ni salama, wenye maji au vipande vyeupe si salama.

Mwisho, vuta uzi kutoka omo hadi tezi sambamba na mkuku. Kwa futi 20, katikati pakiwa pameinuka zaidi ya sentimita mbili, mkuku umepinda, na ukipinda mishono ya mbao haitulii hata uikalafati (uizibe kwa pamba) kila bamvua.

Ubao hubadilishwa. Taruma bovu hupachikwa jingine pembeni yake. Lakini mkuku ukioza, umenunua kuni.

WaKigombe

Namheshimu FundiKeke ila tusimtishe mwenzetu. Madau yenye saruji kidogo tezini yapo mengi na yanatembea. Swali langu ni jingine: anayeanza anataka dau la futi 20 la nini? Foromali la dau hilo, yaani mti unaobeba tanga, lina urefu wa chombo chenyewe au zaidi, na ukikisi (ukihamishia tanga upande wa pili) mtu mmoja alihamishe mbele ya mlingoti huku mwingine kashika kana (mpini wa usukani). Peke yako Jumamosi hutaweza. Ngalawa mtu mmoja na kijana mmoja wanatosha, haina farumi (uzito wa kukitulizia chombo), ikijaa maji inaelea na matengo yake (mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke), na inapandishwa mchangani na watu wanne.

Ngalawa ya mwembe ina magonjwa yake. Mwembe ni mti laini, unaoza upesi usipopakwa sifa (mafuta ya samaki), na gogo hupasuka kuanzia vichwani kwenda katikati. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti si neno kama umezibwa kwa pamba. Ufa unaoonekana nje na ndani mahali pamoja, upana wa kupitisha ukucha, waachie wenyewe. Tafuta viraka vya bati: kila bati lililopigiliwa linafunika kitu. Bandua ukingo mmoja uchungulie. Kisha gonga sakafu ya gogo nje kwa konzi ukisikiliza unene. Ngalawa ya siku nyingi huwa imechongwa na kuparuzwa mara nyingi, na sakafu inabaki nyembamba kuliko kuta.

Sehemu inayochoka kwanza ni pale miti ya kubebea matengo inapokalia ukingo wa gogo. Inasugua kila wimbi. Fungua kamba ya mmoja, uinue, uangalie imekula kiasi gani. Ikila zaidi ya robo ya unene wa ukingo, itabidi kupachikwa kipande. Kamba za kufungia usizihesabu kuwa ni zako. Kata zote ufunge mpya kabla ya kutoka, hazina bei.

Na tazama matengo yamesimamaje. Ubao wa tengo hulala mshazari ili ukikimbia ujiinue juu ya maji. Ukiwekwa wima au bapa unakata maji na kuvuta chombo upande, utadhani usukani ndio mbovu.

Kitu cha kupendeza kwenye ngalawa uliyotaja ni kwamba inavua mpaka leo. Chombo kilicho kazini hakifichi mengi. Nenda saa wanaporudi, uangalie wanafua maji mara ngapi.

JoshiNaDemani

Mmesema magogo na mbao, hakuna aliyegusa tanga. Kwa bei hizi, tanga na kamba zake ni sehemu kubwa ya fedha, na mnunuzi mgeni huziangalia dakika moja.

Turubai lihesabu sifuri. Linavutika, umbo linapotea, na linachanika kwenye mstari wa matundu ya sindano kama karatasi ya stempu. Litakufikisha kisiwani kwa upepo wa nyuma, kubisha (kwenda kinyume cha upepo) nalo ni mateso. Omba bei ya dau bila tanga, halafu uliza fundi cherehani wa matanga gharama ya jipya la pamba nzito au la kitambaa cha poliesta, na kamba ya ukingoni imo.

Kwenye tanga lolote la zamani, uzi hufa kabla ya kitambaa kwa sababu ya jua. Kwangua mshono kwa ukucha. Nyuzi zikikatika, tanga zima linataka kushonwa upya hata kama kitambaa kizuri. Kisha kunja kitambaa, ubane kwa vidole viwili, ujaribu kukichana pale kilipofungwa kwenye foromali na kwenye pembe ya demani (kamba ya kuvutia tanga). Hapo ndipo hupigwa jua na kuchapwa zaidi.

Foromali la dau mara nyingi ni miti miwili iliyounganishwa kwa kufungwa. Ipishane futi tatu na zaidi, na vifungo viwe vitatu, sio viwili. Angalia mahali henza (kamba ya kupandishia tanga) ilipofungwa: mti ukiwa umebonyea na kupata ufa wa kukata nyuzi, utavunjika siku tanga likirudi kinyume. Ufa wa kufuata nyuzi unavumilika. Mlingoti ungʼoe uone mguu wake unaoingia kwenye mstamu, maana huoza hapo bila kuonekana. Mvinje au mtondoo ulionyooka ni mzuri, mradi uwe umekauka kivulini na si mti wa juzi.

Kamba: zipindue kinyume uzifungue nyuzi, utazame ndani. Nje inaweza kuwa safi, ndani kuna unga. Hiyo imekwisha. Kapi lizungushe kwa mkono bila kamba. Likikwama au likicheza ovyo kwenye mhimili, litakwama siku unapotaka kushusha tanga haraka, na kushusha tanga haraka ndiyo breki pekee uliyo nayo.

MkatabaKwanza

Upande wa karatasi, kifupi. Hakikisha chombo kina usajili kwa jina la anayeuza. Msajili Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, na kwa wasomaji wa Mombasa na Lamu ni KMA. Namba iliyopakwa ubavuni ilingane na iliyo kwenye cheti. Kikiwa chombo cha uvuvi, leseni ya uvuvi ni jambo jingine kabisa na inapitia halmashauri. Ukitaka kutupa mshipi, uliza mapema kama kwa matumizi yako unaihitaji. Pia pwani ya Tanga ina hifadhi ya bahari ya silikanti tangu 2009, kwa hiyo ujue maeneo yake kabla hujatupa nanga juu ya matumbawe.

Kinachowaumiza watu si cheti, ni mwenye mali. Vyombo vingi ni vya ubia, vya mirathi isiyogawanywa, au vimekopewa fedha na tajiri anayenunua samaki. Muuzaji anakabidhi, wiki ya pili anakuja kaka yake. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya diko lile, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, na kwa serikali ya mtaa, uliza hadharani: chombo hiki cha nani, kinadaiwa? Mkataba uandikwe hapo, mashahidi wa pande mbili, na kila kinachouzwa kitajwe: tanga, foromali, mlingoti, usukani na kana, nanga na kamba yake, makasia, upo (chombo cha kufulia maji), pondo (mti wa kusukumia chombo). Kisichoandikwa usishangae kikitoweka usiku wa kuamkia makabidhiano. Kama ni mirathi, warithi wote wasaini, wakiwemo dada zao.

MgeniWaMaji

Shukrani sana wakuu. Muuzaji amekubali, saruji imevunjwa kama futi moja. Ubao wa kwanza upande wa kushoto ni mweusi, bisibisi imeingia sentimita moja kuanzia kwenye mlingoti kwenda tezi, kama futi sita hivi. Kulia pagumu. Mkuku mgumu, uzi umeonyesha karibu sawa, tofauti haifiki sentimita. Msumari mmoja ulipotolewa ulikuwa umelika katikati. Ameshuka hadi milioni mbili na laki mbili. Ninunue?

FundiKeke

Mkuku mzima na uzi sawa ni habari njema, hapo dau linatengenezeka. Tupige hesabu basi.

Saruji yote itoke. Mita mbili na nusu kwa sentimita arobaini kwa unene wa sentimita nne ni lita arobaini, na saruji ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi kwa lita. Karibu kilo mia moja umezibeba ambazo huwezi kuzitupa chombo kikijaa. Wapo watakaokuambia "hiyo ndiyo farumi yako". Farumi ni ya kuhamishika: viroba vinne vya mchanga vya kilo 25 vinafanya kazi ile ile, unavisogeza upande wa upepo, na siku mbaya unavimwaga.

Ubao wa kushoto ubadilishwe, usiwekwe kiraka. Fundi akate futi tisa hivi, apite ubovu futi moja na nusu kila upande, na maungio yaangukie juu ya taruma au yawekewe kipande cha mbao nyuma yake. Yasiachwe yananingʼinia kati ya mataruma.

Misumari ndiyo itakayokula fedha. Mataruma yakipishana sentimita 35, kwenye mita sita unapata kama 17. Kila ubao misumari miwili kwa taruma, hiyo ni 34. Mbao tatu za chini kila upande ni sita, yaani misumari 204, weka 220 na ya kuharibika. Iwe iliyopakwa zinki, urefu wa kupenya ubao na taruma na kubaki ncha ya kukunja ndani. Itobolewe kwanza kwa keke nyembamba kuliko msumari, shingo izungushiwe pamba iliyolowa mafuta, na isipite kwenye matundu ya zamani: sogea sentimita tatu, tundu la zamani libaki na kigingi. Misumari ya dukani isiyopakwa zinki itakurudisha hapa hapa baada ya misimu michache.

Halafu kalafati, na hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu chombo kizima. Mbao zilizokaa juu miezi zimesinyaa, mishono imefunguka. Ukishindilia pamba mpaka ijae, siku mbao zikivimba hazina pa kwenda, zinasukumana na kuvuta misumari itoke kwenye mataruma. Kabla ya kukalafati, mwagia dau maji ya chumvi ndani, funika kwa magunia mabichi, loweka siku nne tano. Maji ya bahari, usitumie ya bomba. Ndipo pamba iingie kwa patasi ya kalafati, ikae kidogo ndani ya uso wa ubao, juu yake deheni ya chokaa na sifa au shahamu. Saruji, gundi ngumu na lami ya barabarani kwenye mishono, hapana.

Kuhusu bei: chukua gharama ya ubao, misumari, siku za fundi, tanga jipya na kamba, jumlisha, uondoe kwenye milioni tatu. Kilichobaki ndicho unachoweza kumpa. Sidhani kama kitafika mbili na mbili.

BamvuaSaaNne

Na asinunue lolote kati ya hayo kabla ya jaribio la maji. Bamvua, mwezi mpya au mpevu na siku moja mbili zinazofuata, maji ya kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne saa tano asubuhi na kurudi juu mnamo saa kumi jioni. Maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo chombo kilichofungwa kwenye kina kidogo kitakaa mchangani asubuhi ukikague chote, na mchana kitaelea bila kusukumwa na mtu.

Kausha ngama kwa tambara kabisa, chombo kikiwa mchangani. Pakaa unga wa chokaa kavu kwenye mishono ya ndani. Maji yakianza kupanda ubavuni, kaa ndani utazame chokaa inapolowa kwanza. Usitazame maji yaliyokwisha kusanyika katikati, hayakuambii yametoka wapi. Weka alama ya kalamu kila panapolowa.

Kikishaelea, subiri saa moja, fua kwa ndoo ya lita 10 ukihesabu. Dau lililokaa juu muda mrefu linaweza kutoa ndoo nyingi siku ya kwanza na bado likawa zima. Linganisha siku ya kwanza na ya tatu. Zikipungua kutoka ndoo sita kwa saa hadi chini ya moja, mbao zinanywa maji kama muuzaji alivyosema. Zikibaki sita, zinaingia kwa msumari au kwa mkuku, na hakuna kunywa maji kutakakozifunga. Muuzaji anayesisitiza ulipe siku ya kwanza anaijua hesabu hii.

Siku ya tatu hiyo hiyo, simameni watu wawili ubavu mmoja, chombo kilale, mrudi katikati. Kirudi chenyewe upesi. Kikikawia kulala upande, farumi haitoshi au ngama imeshika maji usiyoyaona.

MtuWaFaiba

Hakuna aliyejibu kuhusu kile kiboti. Laser ni mita 4.2, bodi tupu inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 59 hivi, na tanga la mita za mraba 7. Pima kwa mizani mbili, moja kila kichwa. Ikipita kilo 65, ina maji ndani au faiba imeyanywa. Mwaga maji kwenye tundu la mlingoti mpaka lijae, ngoja dakika kumi. Yakishuka, sakafu ya tundu imepasuka, na kwa upepo mkali mlingoti utatoka na kipande cha sitaha. Gonga sitaha kwa sarafu, hasa kuzunguka mlingoti na mahali pa kukalia: sauti kavu ni nzima, sauti iliyofifia ni tabaka zimeachana. Kizibo cha nyuma kiwepo, na mpira wake.

Uzuri wake ni kimoja: kikipinduka unakisimamisha mwenyewe kwa kupanda juu ya ubao wa katikati, na kikisimama unaendelea na safari. Kwa kujifunza upepo hakuna kinachofundisha haraka kama hicho. Ubaya, utalowa kila mara, samaki hana pa kuwekwa, na vifaa vyake ni vya kuagiza nje. Asiyekuwa na mtu wa kumletea kamba maalumu na vipuri asikinunue.

MgeniWaMaji

Nimeelewa. Dau nitalijaribu maji bamvua ijayo kwa masharti ya Fundi, na ngalawa nitakwenda kuingoja diko wakirudi. Swali la mwisho: nikipata mojawapo, nitoke lini mara ya kwanza? Na nibebe nini?

WaKigombe

Kusi ikiwa kali, Juni hadi Agosti, funga chombo ujifunze mafundo. Ndio wakati wa bei nzuri pia, wengi huuza kipindi hicho. Matlai ya Oktoba na Novemba ndiyo shule, na asubuhi za kaskazi kabla ya adhuhuri. Toka alfajiri na umande unaosukuma kutoka bara, rudi na upepo wa baharini unapoanza kuvuma. Ukifanya kinyume utapiga makasia kurudi. Usitoke siku za bamvua mara ya kwanza, mikondo ya milangoni ina nguvu. Chagua maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Baki ndani ya ghuba mpaka ukisi kwako kuwe hakukutoi jasho.

Kitu cha kuogopa kwenye tanga letu ni kushikwa na upepo kwa upande wa pili, tanga likajibandika kwenye mlingoti. Hapo haligeuki wala haliachii, foromali linavunjika au chombo kinalala. Kwa hiyo usielekeze omo kwenye upepo kama mwenye Laser. Geuka kwa kupitisha tezi kwenye upepo, demani imelegezwa mapema, na kamba ya kushikia mlingoti ihamie upande mpya kabla tanga halijajaa.

Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na livaliwe. Makasia mawili, pondo, upo mbili zilizofungwa kwa kamba zisielee zikaenda. Nanga ya kilo nane hadi kumi, mnyororo mita tatu, kamba ya milimita 12 isiyopungua mara tano ya kina cha maji yakijaa: pa mita sita unataka mita thelathini, na ncha yake ifungwe chomboni kabla hujaitupa. Simu kwenye mfuko usioingia maji. Mwambie mtu wa diko unaelekea wapi na unarudi saa ngapi.

Tanga letu halipunguzwi kirahisi katikati ya upepo, kwa hiyo ukimpata fundi wa tanga mwambie akushonee mawili, la pili dogo theluthi moja kuliko la kwanza. Uanze na hilo dogo.